Utani Kazini: Kicheko, Mapumziko na Afya ya Akili

Katika msimu wa korosho, siku ya kupima mazao, foleni katika ghala la chama cha msingi hujaa kabla jua halijapanda. Baadhi ya wakulima wamelala hapo hapo juu ya magunia yao. Karani wa mzani naye hajapata usingizi wa kutosha kwa majuma kadhaa, kwa kuwa kila kilo inayopungua huulizwa kwake, kila gunia linalorudishwa kwa unyevu hulaumiwa yeye, na malipo yakichelewa benki ni mlango wake unaogongwa usiku. Hasira ikianza kupanda, aghalabu hutokea mzee mmoja wa Kimakonde akapaza sauti kutoka nyuma kwamba mzani huo bila shaka ulifundishwa hesabu na Wamakua, ndiyo maana ukifika hamsini unapotea njia. Karani, ambaye ni Mmakua, hujibu bila kuinua uso kwamba mzani hauna kosa. Gunia la Mmakonde ndilo lililopungua, kwa sababu mwenyewe alikuwa akitafuna korosho njia nzima. Foleni hucheka. Mzani haujabadilika, wala benki haijafunguliwa mapema. Lakini mabega ya karani yameshuka, na kwa robo saa inayofuata watu huzungumza naye kama binadamu mwenzao.

Tukio la namna hiyo huonekana dogo. Hata hivyo ni mojawapo ya njia kongwe ambazo watu wa Masasi na Newala wamezitumia kubeba kazi nzito bila kuvunjika mioyo, na leo, ambapo afya ya akili kazini inazungumzwa katika mikutano ya watumishi, hospitali na vyama vya wafanyakazi, inafaa kulitazama kwa makini: linasaidia nini, linaharibika wapi, na ni mambo gani ambayo kicheko peke yake hakiwezi kuyatibu.

Uzito wa jambo lenyewe si wa kubahatisha. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, katika taarifa yao ya pamoja ya mwaka 2022, yalikadiria kwamba dunia hupoteza takriban siku za kazi bilioni 12 kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi uliopita kiasi. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeueleza uchovu wa kazi kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo, nalo likautambua kwa alama tatu: mtu kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuwa mbali nayo kimoyo, na kupungukiwa ufanisi. Muuguzi wa zahanati ya kijijini aliye peke yake zamu ya usiku, mwalimu mwenye darasa lililofurika, mtendaji wa kijiji anayetakiwa kutoa taarifa tatu kwa siku moja, na mama anayebangua korosho huku akiwaza maji ya nyumbani, wote wanazijua alama hizo hata kama hawajawahi kulisikia jina lake.

Utani na masharti yake

Watu wengi husema "utani" wakimaanisha mzaha wowote. Kwa asili neno hili lina maana finyu zaidi na yenye nguvu zaidi. Utani ni uhusiano unaojulikana na jamii nzima, ambao ndani yake mtu anaruhusiwa kumkejeli mwenzake, naye mwenzake anatakiwa asikasirike. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika juu ya uhusiano wa aina hii mwaka 1940, na miaka minne baadaye R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alichapisha utafiti wake kuhusu utani wa Tanganyika. Inapendeza kuona kwamba mtu aliyekuja kuhesabu ndege aliishia kuhesabu makabila yanayotaniana. Pengine ndege hawakuwa na vichekesho vya kutosha. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisimamia ukusanyaji mkubwa wa habari za utani kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania.

Moreau aliona kwamba utani wa makabila mengi ulihusishwa na historia ya vita: waliopigana jana ndio wanaotaniana leo. Wakazi wa Masasi na Newala hawahitaji kwenda mbali kupata mfano. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaleta Masasi watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakajenga chini ya milima ile ya mawe. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Wagwangwara, waliishambulia Masasi, na shughuli za misheni zikahamia Newala, katika himaya ya Matola, mkuu wa Kiyao. Uwanda wa Makonde wenyewe, pamoja na vichaka vyake vizito na ukosefu wake wa maji, ulikuwa kimbilio la watu waliokuwa wakikwepa mateka na uvamizi. Leo mjukuu wa waliokimbia na mjukuu wa waliowakimbiza hukaa ofisi moja, nao huitana "mtumwa wangu" wakigombea kikombe cha chai. Neno lililokuwa zito kuliko yote katika historia ya eneo hili limegeuzwa kuwa jepesi, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Makubaliano hayo ndiyo kiini cha utani.

Nao hauishii kwenye makabila. Kuna utani wa babu na mjukuu, wa mtu na shemeji yake, wa mabinamu waliozaliwa na kaka na dada, na wa ukoo kwa ukoo. Msibani ndipo unapoonekana waziwazi. Wakati wafiwa wamezama katika kilio, mtani huja akaigiza mwendo wa marehemu, akadai kwamba alimkopesha fedha na hatatoka bila kulipwa, au akajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Mgeni anaweza kushangaa na hata kukasirika. Wenyeji wanajua kwamba mtani huyo huyo ndiye atakayechimba kaburi, kubeba maji na kuwalazimisha wafiwa kula. Kazi na mzaha wake havitenganishwi, na hapo ndipo lilipo fundisho kubwa kwa maeneo ya kazi: mwenye haki ya kukutania ni yule ambaye pia ana wajibu wa kukusaidia.

Kwa hiyo, utani wa jadi una masharti ambayo watu huyafuata bila kuyaandika popote. Unakwenda pande mbili; anayetania leo hutaniwa kesho. Unafanywa mbele ya watu wanaojua kwamba ni utani. Una mambo yake ya kawaida, kama vile nani ni mlafi, nani anakula panya wengi zaidi, nani alikuja na viatu mkononi siku ya kwanza ya kazi, na mambo hayo yamezoeleka kiasi kwamba hayamgusi mtu mmoja pekee bali kundi zima. Zaidi ya yote, una wajibu nyuma yake. Sharti mojawapo likikosekana, kinachobaki ni matusi yaliyovaa kanzu ya utani.

Kwa nini kicheko huleta nafuu

Maelezo ya kisayansi yapo, ingawa hayapaswi kukuzwa kupita kiasi. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walionesha, katika majaribio yao waliyoyachapisha mwaka 2011, kwamba watu waliotoka kucheka kwa dhati waliweza kuvumilia maumivu kwa muda mrefu kidogo kuliko kabla ya kucheka, na kwamba watu hucheka zaidi wakiwa pamoja kuliko wakiwa peke yao. Watafiti hao walihusisha nafuu hiyo na kemikali za mwili zinazopunguza maumivu na kuwafanya watu wahisi kuwa karibu. Kicheko cha kweli hutumia misuli ya kifua na tumbo, hubadilisha pumzi, na kwa muda mfupi huondoa fikra kwenye jambo lililokuwa likizikaba.

Nafuu ya pili haipimwi kwa vyombo. Mtu mwenye msongo hujiona yuko peke yake ndani ya tatizo. Mtani anapolitaja tatizo hilo kwa mzaha, analitoa hadharani bila kumvua mhusika heshima. Mwalimu aliyehamishiwa Newala kutoka Kagera, asiyejua Kimakonde, anayelala akisikia upepo wa uwanda na kuamka kwenye ukungu wa baridi ambao hakuutarajia kusini, anaweza kukaa miezi bila kumwambia mtu kwamba ana upweke. Lakini wenzake wakimwambia kwamba ndizi zake zimekataa kupanda mlima wa Newala, naye akajibu kwamba zilifika zikakuta hakuna maji ya kuzipikia, jambo limesemwa. Sasa mwenzake anaweza kumfuata baadaye na kumuuliza kwa utulivu, "Mwalimu, lakini kwa kweli unaendeleaje?" Swali hilo la pili ndilo lenye dawa, mzaha ulifungua mlango tu.

Wasio na utani wa kabila au ukoo hawakosi njia. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi kwa sababu nzuri: zimewapa Watanzania wa kila kabila utani wa kuazima. Jumatatu baada ya mechi, mhasibu wa Yanga na dereva wa Simba hukutana kwa usawa ambao mpangilio wa vyeo hauwapi siku nyingine. Mkuu wa idara anayekubali kutaniwa kwa kufungwa kwa timu yake huwapa walio chini yake ishara muhimu, kwamba anaweza kuambiwa jambo asilolipenda bila kulipiza.

Si kila kicheko ni afya

Mtafiti wa Kanada Rod Martin na wenzake, mwaka 2003, walipendekeza kuugawa ucheshi katika aina nne. Kuna ucheshi wa kuwaunganisha watu, na kuna ule ambao mtu huutumia kujitia moyo katika shida yake mwenyewe. Aina hizi mbili huendana na afya njema ya akili. Aina ya tatu ni ucheshi wa kuwashambulia wengine. Ya nne ni ya mtu kujidhalilisha mwenyewe ili wengine wacheke na wampende, nayo mara nyingi huandamana na huzuni na kujiona duni. Aina hii ya nne ndiyo inayopita bila kutambuliwa katika ofisi zetu. Mtu anayejiita "mimi takataka tu" kila asubuhi, akawachekesha wote, huhesabiwa kuwa mchangamfu kuliko wote. Akisema kwa kucheka kwamba ingekuwa heri asiamke kesho, watu hucheka naye. Maneno ya namna hiyo hayapaswi kuchekwa. Yanapaswa kuulizwa, siku hiyo hiyo, faraghani na kwa upole.

Historia ya Tanzania yenyewe ina kisa mashuhuri kinachothibitisha kwamba kicheko kinaweza kuwa dalili ya dhiki. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hali hiyo ikaenea kwa wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Wasichana waliporudishwa makwao, hali hiyo ilijitokeza pia Nshamba, ambako watu 217 walipatwa. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, hawakukuta sumu wala maambukizi. Waliopatwa hawakuwa na furaha hata kidogo: walicheka na kulia kwa kupokezana, wengine wakihangaika na kuogopa. Wataalamu wengi waliokichunguza kisa hicho baadaye wamekieleza kuwa matokeo ya msongo mkubwa katika kundi la vijana waliokuwa chini ya masharti makali, wasio na njia nyingine ya kusema kwamba wamelemewa. Ofisi inayocheka kutwa nzima si lazima iwe ofisi yenye afya.

Aina ya tatu, ile ya kushambulia, ina upande wa kisheria. Waswahili husema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya kabila au mahali mtu atokako, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, kuishi na virusi vya UKIMWI, umri na mambo mengine kadhaa, na inauhesabu unyanyasaji unaotokana na misingi hiyo kuwa sehemu ya ubaguzi. Kwa hiyo mwajiri au msimamizi anayemkejeli binti aliyeajiriwa juzi kwa umbo la mwili wake, au kumwita mtumishi mwenye ulemavu kwa jina la ulemavu wake, hawezi kujikinga kwa kusema "nilikuwa namtania." Utani wa kweli hauwezi kutoka juu kwenda chini tu. Mtu asiyeweza kujibu hana utani na wewe. Ana mkubwa anayemdhihaki.

Njia rahisi ya kupima ni kutazama uso wa anayetaniwa kabla ya kutazama nyuso za wanaocheka. Kama alicheka mwishowe kabisa, au alicheka kisha akaondoka, jambo hilo liachwe na asitaniwe tena kwa hilo. Aliyekosea aombe radhi kwa maneno ya kawaida bila kuongeza mzaha mwingine. Anayeumia naye ana haki ya kusema "hapana, huo sio utani wangu," na kauli hiyo ikitolewa mapema huokoa miezi ya kinyongo. Ikishindikana, malalamiko hupelekwa kwa msimamizi, kwa ofisa anayeshughulikia utumishi au kwa tawi la chama cha wafanyakazi. Migogoro ya ajira inayoshindwa kutatuliwa kazini hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mambo ya ukatili na udhalilishaji wa kijinsia yanapokelewa pia na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi.

Kujitunza ni zaidi ya kujipa moyo

Ucheshi haupunguzi kazi. Zahanati yenye muuguzi mmoja badala ya watatu haitapona kwa vichekesho, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 juu ya afya ya akili kazini unasisitiza kwamba waajiri wanapaswa kuanza na mazingira yenyewe: wingi wa kazi, saa, usalama, na mafunzo ya wasimamizi ili watambue mtumishi aliyelemewa. Kumwambia mtu ajitunze huku akipangiwa zamu tatu mfululizo ni dhihaka ya aina nyingine.

Ndiyo maana kujitunza kunaanza na kuzijua haki zilizopo. Kwa sheria ile ile ya mwaka 2004, mfanyakazi wa kawaida hatakiwi kufanya kazi zaidi ya saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma bila makubaliano ya saa za ziada. Baada ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya saa moja. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena panapaswa kuwa na saa 12, na kila juma liwe na angalau saa 24 za mapumziko. Likizo ya mwaka ni siku 28. Karani wa msimu, mhudumu wa duka mjini Masasi, mfanyakazi wa kiwanda cha kubangua korosho na msaidizi wa nyumbani wote wanaguswa na masharti ya ajira. Wapo watumishi wanaojisifu kwamba hawajachukua likizo kwa miaka. Sifa hiyo ingefaa kuchunguzwa na wanaokaa nao nyumbani.

Mkulima hana mwajiri wa kumwomba likizo, na mwaka wake umebanwa na mkorosho. Kuanzia karibu na Juni ni kupuliza salfa asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, kisha kulinda, kisha kuokota, kukausha na kupanga foleni hadi mwisho wa mwaka. Deni la salfa, bei isiyojulikana mpaka mnada ufanyike, na ada za shule za Januari huja kwa wakati mmoja. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika msimu wa 2007/2008, mkulima hupeleka mazao ghalani na kulipwa baada ya mauzo, na siku za kusubiri katikati ndizo zinazowanyima wengi usingizi. Kinachosaidia hapa ni cha kawaida lakini si rahisi: kuliandika deni badala ya kulibeba kichwani, kuwashirikisha mke au mume hesabu yote badala ya nusu yake, na kuuliza tarehe ya malipo kwenye chama cha msingi badala ya kuisikiliza kijiweni, ambako kila mtu ana tarehe yake.

Kwenye uwanda wa Makonde kuna mzigo mwingine. Mvua inayonyesha hupotea ardhini upesi, na ingawa mradi wa maji wa Makonde umekuwapo tangu miaka ya 1950, maji bado ni saa nyingi za siku ya mwanamke panapokuwa na upungufu. Mtumishi wa kike anayefika kazini saa moja na nusu huenda ameamka saa kumi. Akisinzia mchana, si mvivu. Msimamizi anayelijua hilo hupanga kikao chake saa nne, na nyumba inayolijua hilo humpa mwanamume na watoto wakubwa ndoo zao.

Juu ya ulevi inafaa kusema wazi. Mabibo yanapoiva, uraka hupatikana kila njia na kwa bei ndogo, na baada yake nipa. Mtu aliyelemewa hupata usingizi wa haraka, lakini usingizi wa pombe hukatika alfajiri na kumwachia wasiwasi mkubwa zaidi ya ule wa jana. Anayekunywa ili apumzike kila siku hajapumzika, na salfa ikipulizwa na mtu aliyelewa ni hatari kwake na kwa wenzake. Wakazi wa Newala wana mahali pa bure pa kutulia kuliko kilabu: jioni, ukingoni mwa Shimo la Mungu, pale ardhi inapoanguka na macho yakaenda hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Masasi nako kivuli cha milima ya mawe hufika mapema. Kutembea nusu saa na mtu unayemwamini, simu ikiwa mfukoni, ni matibabu yasiyohitaji kadi ya bima.

Pale mzaha unapokoma

Huzuni ya siku mbili baada ya kukosewa au kupata hasara ni jambo la kawaida. Ikiwa kwa muda wa majuma mawili au zaidi mtu ana huzuni karibu kila siku, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, halali au analala kupita kiasi, hali chakula, anajiona hana thamani, au anawaza kufa, hiyo si tabia wala udhaifu wa imani. Ni ugonjwa unaotibika. Wenzake kazini mara nyingi ndio wa kwanza kuuona, kwa alama ndogo: aliyekuwa akitania amenyamaza, au ametania kwa ukali usio wake, karani makini ameanza kukosea kujumlisha, muuguzi aliyewahi zamu sasa huchelewa na haelezi.

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri hupokea pia mashauri ya familia na ya kazi, na mtendaji wa kata anaweza kumwelekeza mkazi kwake. Anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Mkomaindo kwa wakazi wa Masasi, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula mjini Mtwara. Kwa matatizo makubwa taifa lina Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya hupigiwa bila malipo kwa namba 199. Mtu aliyesema anataka kujiua asiachwe peke yake, na salfa, viuatilifu na vitu vyenye ncha viondolewe karibu naye hadi afikishwe kwa mhudumu.

Wengi huogopa kuingia zahanati kwa sababu hawajui waseme nini. Si lazima kulijua jina la ugonjwa. Inatosha kusema, "Daktari, tangu mwezi uliopita silali, na kazi imenishinda," kisha kujibu maswali yatakayofuata. Anayeona aibu aende na mwenzake. Katika eneo hili mtu wa kumsindikiza anajulikana tangu zamani: ni yule mtani aliyekuwa akimdai marehemu fedha msibani, kisha akashika jembe. Amsindikize, asubiri nje kwenye benchi, na safari hiyo anyamaze. Watakaporudi wataendelea na mjadala wao wa panya.